Naomba ushauri: Winnebago ya 1973, sakafu inadidimia na chesisi imeinama nyuma
Habari zenu wakuu. Nipo Minnesota, Marekani, na nina Winnebago Brave ya 1973, lile gari la kulala lenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) ya Dodge. Maji yamevuja kwenye kona ya paa kwa miaka, plaiwudi ya sakafu chini ya kitanda imeoza, ukikanyaga inadidimia. Kibaya zaidi, kipande cha chesisi kilichoungwa nyuma ya ekseli kimeliwa na kutu na kimeinama. Fundi mmoja anataka kuchomelea bamba juu ya kutu. Sikubaliani naye, chuma kilichooza hakishiki. Nianze na chesisi au sakafu? Na nikitoa plaiwudi, ukuta niuegemezeje usishuke? Wanangu watalala humo, nataka liwe imara kweli.