Naomba ushauri: vipande vya kiazi kwenye maji ya sukari vinatoa majibu yanayogongana

chipukizi_wa_bio
Wakuu habari zenu. Niko kidato cha tatu, naandaa mradi wa Baiolojia kuhusu osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye sukari au chumvi nyingi) kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Nimekata vipande vya kiazi ulaya nikavitumbukiza kwenye maji ya sukari ya mikolezo sita kwa saa mbili, kipande kimoja kila chombo. Mkolezo ni kwa molari (kipimo cha wingi wa sukari iliyoyeyuka kwa kila lita), uzito kwa gramu, kabla na baada:

Molari 0: 4.0, ikawa 4.6
0.2: 6.0, ikawa 6.3
0.4: 5.0, ikawa 4.8
0.6: 3.0, ikawa 2.7
0.8: 6.0, ikawa 5.1
1.0: 4.0, ikawa 3.3

Kinachonichanganya: cha 0.8 kimepoteza gramu 0.9, halafu cha 1.0, chenye sukari nyingi kuliko vyote, kimepoteza 0.7 tu. Nikarudia kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, hata kiazi cha maji matupu kikapungua uzito! Jingine: fasili ya osmosisi naijua neno kwa neno, ila mtihani ukiuliza "eleza kwa nini" nakwama. Nisaidieni.

Mizani Sawa
Mdogo wangu, majibu ya saa mbili hayagongani. Vipande havikuanza na uzito mmoja, na cha gramu 6 kina maji mengi ya kupoteza kuliko cha gramu 4. Chukua badiliko, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Unapata +15, +5, −4, −10, −15, −17.5. Mteremko mmoja, hakuna anayerudi nyuma.

Chora grafu, mkolezo mlalo, asilimia wima. Mstari unakata sifuri karibu na 0.31. Hapo maji yanayoingia kwenye seli na yanayotoka yanalingana, na hiyo ndiyo namba ya kuibeba kwa majaji. Angalia pia mwisho wa mstari: kutoka 0.8 hadi 1.0 umeshuka 2.5 tu. Utando wa seli umeshabanduka kutoka kwenye ukuta, na maji ya sukari yameingia kujaza nafasi iliyobaki, kwa hiyo mizani haioni upungufu wote. Ukilieleza hilo bila kuulizwa, umewashika.

Ila kipande kimoja kwa chombo hakitoshi. Weka vitatu, uvipime pamoja. Kosa la gramu 0.1 kwenye gramu 3 ni asilimia 3 nzima. Kwenye gramu 15 halifiki hata asilimia moja.

fundi_wa_maabara
Nakubaliana na Mizani, lakini kabla ya grafu kuna mikono. Umetengenezaje hayo maji ya sukari? Sukari ya dukani inafaa. Kwa mililita 250 za molari 0.2 unahitaji gramu 17.1, na kwa 1.0 ni gramu 85.5. Wengi wanakosea hapa: wanapima mililita 250 za maji kisha wanamwaga sukari. Sukari inachukua nafasi, utapata kama mililita 300, na ulichokiita 1.0 kinakuwa karibu 0.8. Yeyusha sukari kwenye mililita 150 kwanza, ndipo uongeze maji hadi alama ya 250.

Vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja, maana kiazi na kiazi hutofautiana sukari, hasa vilivyokaa kwenye baridi. Sentimita 1 kwa 1 kwa 5, bila ganda hata chembe, kwa sababu ganda linazuia maji. Usivihifadhi kwenye maji wala kuviacha mezani. Kata, pima, tumbukiza. Kwenye 0.8 na 1.0 vitaelea kwa kuwa maji hayo ni mazito kuliko kiazi, kwa hiyo vigeuze kila robo saa ama uvikandamize kwa kijiti. Ukivitoa, vikaushe kwa karatasi kwa namna ileile: vibingirishe mara mbili bila kuminya. Ukiminya kimoja na kingine usiminye, umeshaharibu.

Hiyo ya Ijumaa hadi Jumatatu itupe. Bakteria walishaanza kula, seli zimekufa, na utando uliokufa hauchagui kinachopita. Kama ulisikia harufu na ukaona povu, ndiyo hao. Lakini wazo hilo unaweza kulitumia kwa makusudi: chemsha vipande vitatu dakika 5, vipoze, vipime, uviweke kwenye 1.0 sambamba na vibichi. Tofauti utakayoiona ndiyo ushahidi kwamba kazi inafanywa na utando ulio hai.

Bi Kidato
Kuhusu "eleza kwa nini": unakwama kwa sababu fasili haina kiazi ndani yake. Kabla ya kupima, andika kwenye daftari mistari mitatu: wapi maji ni mengi zaidi, ndani au nje, yataelekea wapi, kipande kitakuwa kigumu au kitalegea. Kisha pima. Ukikosea, tafuta mstari uliokudanganya. Na uandike kwanza kwa Kiswahili bila kutumia neno osmosisi, baadaye uhamishie kwenye Kiingereza cha mtihani. Asiyeweza kueleza kwa nini kachumbari iliyotiwa chumvi inatoa maji, hajaielewa bado.

mkulima_msomi
Mradi wa kiazi majaji wameuona sana. Ipeleke shambani: kwenye delta ya Rufiji maji ya chumvi yanaingia kwenye mpunga. Otesha mbegu 20 kwa kila sahani juu ya pamba, chumvi gramu 0, 3, 6 na 9 kwa lita, siku 7, hesabu zilizoota kila siku.

fundi_wa_maabara
Wazo zuri, ila tahadhari. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika chembe mbili, kwa hiyo gramu 9 kwa lita, yaani kama molari 0.15, inavuta maji karibu sawa na sukari ya 0.3. Tena chumvi ni sumu kwa mmea, mbali na kuunyima maji. Mbegu zikigoma kuota hutajua ni kiu au sumu.

chipukizi_wa_bio
Nashukuru sana wakuu. Nikiongeza sahani ya sukari ya 0.3 pembeni ya ile ya chumvi gramu 9, si nitatofautisha?

fundi_wa_maabara
Ndivyo hasa. Ila sukari itaota ukungu siku ya tatu. Loweka mbegu zote dakika 10 kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza mara tatu, na kila siku hamishia mbegu kwenye pamba mpya yenye maji mapya. Sahani zote zifunikwe. Maji yakikauka, mkolezo unapanda bila wewe kujua.