Wauza kuku wa Lukaya waondolewe kando ya barabara?

Mwanzisha mada: Kila nikipita mji wa Lukaya hapa Uganda, nikitoka Kampala kwenda Masaka, basi halijasimama sawasawa, akina mama na vijana wameshafika madirishani na kuku wa kijiti, gonja (ndizi za kuchoma) na maji. Wiki jana gurudumu lilikosa mguu wa binti mmoja kwa upana wa kiganja. Nasema wahamishiwe sokoni. Ninyi mwasemaje?

Dereva wa Mutukula: Wahamishwe hata leo. Lukaya yenyewe ina nini? Pa kujisaidia na kunyoosha miguu, basi.

Mjukuu wa Kalungu: Chunga mdomo, ndugu. Hapo unapojisaidia watu walikufa. Gaddafi wa Libya alimletea Amin askari, Watanzania wakarudishwa nyuma hapo hapo Lukaya, Februari 1979.

Mkongwe: Machi, mwanangu. Februari Watanzania walitwaa Masaka. Tarehe 10 Machi Brigedi yao ya 201 ilirudi nyuma. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka na kukata barabara ya Kampala mgongoni mwa askari wa Amin na Walibya, na tarehe 11 wakabanwa. Mwezi mmoja tu, Kampala ikaanguka. Sisi tulikuwa tumelala kwenye migomba, mama ameniziba mdomo kwa leso. Wakombozi, hao askari wa Tanzania, ndio walionifundisha Kiswahili hiki.

Mtoto wa Luweero: Shikamoo mzee. Lakini hicho Kiswahili ndicho kilichotutesa. Mama yangu hadi leo akisikia "panda gari", amri ya askari waliokuwa wakizoa watu, mikono inamtetemeka.

Mwalimu Jinja: Pole kwa mama. Ila aliyemtesa ni mtu, si lugha. Kiswahili kimo kwenye Katiba tangu 2005, na 2022 Baraza la Mawaziri lilisema kifundishwe shuleni kwa lazima.

Mtoto wa Luweero: Kifundishwe na nani? Shule ya kijijini kwetu haina mwalimu wake hata mmoja. Na usinifundishe aliyemtesa mama yangu.

Mjukuu wa Kalungu: Tuache lugha. Dereva hajanijibu. Lukaya ina historia, na ikweta pia tunayo!

Dereva wa Mutukula: Ikweta iko Kayabwe, upande wa Kampala, kabla hujavuka mto Katonga. Napita pale mara nne kwa wiki, usinidanganye.

Mwalimu Jinja: Mtoto wa Luweero, sikukusudia kumgusa mama. Nisamehe. Lakini mfanyabiashara wa Lukaya atamwuziaje dereva wa Bukoba bila Kiswahili?

Muuza gonja: Namwuzia kila siku, mwalimu, na sikukisoma shuleni. Mmenisema tangu juu bila kuniuliza. Mei 2023, maji yalipokata barabara pale Katonga, magari yalizungushwa Kanoni na Sembabule mpaka Villa Maria. Nilikaa na sigiri yangu ikiwaka, barabara tupu, nasikia vyura wa kinamasi cha Lwera mchana. Gonja tulikula wenyewe mpaka watoto wakazikataa. Mkitupeleka sokoni ni yale yale. Basi gani linaingia sokoni?

Mwanzisha mada: Na yule binti, dada?

Muuza gonja: Yule binti alikuwa anafuata pesa yake. Abiria amepokea kuku, dereva ameondoa gari. Tujengeeni mahali basi liingie, lizime injini, tuuze, tulipwe. Koti la wauzaji nitavaa, kodi nitatoa.

Dereva wa Mutukula: Chenji ya abiria ninyi ndio mnakimbia nayo!

Muuza gonja: Nikimbilie wapi na sinia kichwani? Simamisha gari dakika tano, baba, uhesabu chenji yako.