Memori kadi ya Switch 2: ya zamani haikubali gemu, ninunue ipi?

PopoWaGemu
Wakuu, naomba ufafanuzi kabla sijatoa hela. Nina Nintendo Switch 2 na memori kadi ya GB 512 iliyotoka kwenye Switch ya kwanza. Imeandikwa U3, V30 na A2. Nikiichomeka naona picha na video za zamani tu, gemu haziingii. Kadi imekufa? Na kama ni lazima ninunue nyingine, GB 256 zinatosha au nijikaze nichukue kubwa?

FundiSaketi
Kadi yako nzima kabisa mkuu. Switch 2 inaweka gemu kwenye microSD Express peke yake, yaani aina mpya ya memori kadi yenye kasi zaidi. Kadi ya kawaida inaruhusiwa kusoma picha na video zilizorekodiwa kwenye Switch ya kwanza, basi.

Tofauti iko kwenye njia ya data. Kadi yako inapita UHS-I, njia ya kadi za kawaida, na kwa kiwango chake rasmi haivuki MB 104 kwa sekunde. Express inapita PCIe, njia ileile ya diski za kasi (SSD) za kompyuta, na kikomo chake kinadharia ni kama MB 985. Gemu za Switch 2 zinavuta ramani na sura za vitu huku unacheza, zikitegemea kasi ya kumbukumbu ya ndani. Ukiziweka kwenye kadi ya MB 90 zitakwama katikati ya mbio.

Hizo U3 na V30 zinakuhakikishia tu kwamba kadi haitashuka chini ya MB 30 kwa sekunde inapoandika, jambo linalomhusu zaidi anayerekodi video. A2 inahusu kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika, angalau mara 4,000 kwa sekunde. Hakuna hata moja inayokwambia kadi inapita njia gani. Tafuta herufi EX kwenye uso wa kadi.

Kuna mtego hapa: ukigeuza kadi ya Express utakuta safu mbili za pini, lakini UHS-II, toleo la juu la UHS-I, nayo ina safu mbili. Hiyo ina alama ya II ya Kirumi, bei yake inauma, na Switch 2 itaihesabu kama kadi ya kawaida. Usidanganywe na pini.

Kisanduku
Kuhusu ukubwa: konsoli ina GB 256 ndani, na mfumo wenyewe unakula sehemu. Halafu watengenezaji wanahesabu kwa 1,000 wakati Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo kadi ya 256 utaiona kama 238. Hujaibiwa.

Swali la maana ni unanunuaje gemu. Angalia boksi la gemu vizuri, maana kadi nyingine za gemu zinazouzwa dukani zina ufunguo tu, na gemu yote inabidi uipakue. Cyberpunk 2077 iko nzima kwenye kadi yake ya GB 64, lakini si zote ziko hivyo. Kama nyingi zako ni za kupakua au za ufunguo, chukua 512. Kama ni kadi zenye gemu nzima, 256 inatosha, tena anza bila memori kadi kabisa uone ya ndani inajaa lini. Konsoli inapokea hadi TB 2, ila sioni haja ya kukimbilia huko.

FundiSaketi
Naongeza: ijaribu siku hiyohiyo unayoinunua, kabla hujaweka kitu. Kadi bandia imechezewa ijitangaze GB 512 huku ndani kuna 32. Faili za mwanzo zinaingia salama, zikifika 32 mpya zinaandikwa juu ya za zamani, na hakuna onyo lolote. Kunakili faili mbili tatu hakuonyeshi kitu. Ijaze yote kisha isomwe yote: kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux au Mac f3write kisha f3read. Kisomaji cha kawaida kitaiendesha Express kwa kasi ya UHS-I, kwa hiyo GB 256 kwa MB 80 kwa sekunde ni kama dakika 53 za kuandika, na karibu hizohizo za kusoma. Ikipita, zima konsoli, inua kile kiegemeo cha nyuma, sukuma kadi mpaka ilie "tik", kisha ifomati kwenye konsoli yenyewe.

PopoWaGemu
Nimeelewa. Naweza kunakili folda ya Nintendo kutoka kadi ya zamani kwenda mpya? Na sevu zangu, yaani pale nilipofikia kwenye gemu, je?

Kisanduku
Hapana. Gemu zilizo kwenye memori kadi zimefungwa kwa konsoli iliyozipakua. Hamisha akaunti kwa njia ya kuhamisha data ya konsoli, kisha pakua gemu upya, hulipii tena. Sevu hazijawahi kukaa kwenye kadi, ziko kwenye kumbukumbu ya ndani. Kwa hiyo usiiuze Switch ya kwanza wala kuifuta kabla hujahakikisha sevu zimefika.

Ngalawa_7
Hiyo 512 ya zamani usiitupe. Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi, inatumia UHS-I, kwa hiyo ni saizi yake kabisa, na Express humo isingeongeza kasi. Ikifomatiwa na SteamOS, mfumo wa Steam Deck, inakuwa ext4, muundo wa faili wa Linux, na Windows haitaisoma. Msije mkadhani imeharibika.