Naomba ushauri: uvimbe nyuma ya jicho usiosikia antibayotiki

Habari zenu wakuu. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa macho, na hapa nimekwama.

Nina mgonjwa wa kisukari, miaka 50 na ushee. Jicho la kushoto limevimba na kutokeza nje, linageuka kwa shida, na uoni unapungua. Tulianza antibayotiki za mshipa tukidhani ni bakteria wa kawaida. Leo siku ya 5, hakuna nafuu. Damu tuliyopeleka kuotesha haijaota kitu. Picha ya CT inaonyesha sinasi (mashimo ya hewa yanayozunguka pua) za upande huohuo zimejaa, ila hakuna jipu la kupasua. Homa ni ndogo mno, na hilo ndilo linaninyima usingizi: nawaza fangasi, hasa mukomaikosisi (fangasi mkali anayeua nyama ya pua na jicho), au kifua kikuu. Ndani ya pua sijaona weusi wa nyama iliyokufa, ingawa najua kutouona hakumtoi mtu hatarini.

Kesho tunachukua kinyama cha kupima. Tuanzie kwenye sinasi, au nyuma ya jicho lenyewe? Na je, nianze amfoterisini (dawa ya fangasi inayoweza kuumiza figo) leo hii, au nisubiri majibu ya maabara, maana figo zake nazo si nzuri?