Naomba ushauri: kuanzisha timu ya goliboli ya wasichana wasioona

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, na tangu timu ya taifa ya wanawake ya Uturuki ilipotwaa dhahabu ya goliboli kwenye Paralimpiki ya Paris mwaka 2024, ikiwa mara ya tatu mfululizo baada ya Rio na Tokyo, wasichana wangu hawazungumzii jambo jingine.

Mchezo wenyewe nimeuelewa: kila upande una wachezaji watatu, wote wamezibwa macho ili mwenye uoni hafifu asimzidi asiyeona kabisa, nao huvingirisha mpira wa kilo 1.25 wenye kengele ndani, huku wapinzani wakijilaza kuuzuia usiingie katika goli lenye upana wa mita 9. Mistari ya uwanja hupapaswa, kwa kuwa chini ya utepe hupitishwa kamba. Hilo tumelifanya wenyewe ukumbini.

Kinachonikwamisha ni mpira. Tumeuvisha mpira wa kikapu karatasi ya nailoni ili uchakarike, lakini uzito wake ni takriban nusu ya unaotakiwa na hudunda mno. Je, yupo aliyewahi kuagiza mpira rasmi, na ushuru ulikuwaje? Pia, sakafu yetu ni ya saruji, na mzazi mmoja amekwisha kumzuia bintiye kwa kuhofia viwiko na nyonga, hofu ambayo naiona ni ya haki kabisa. Mliofundisha mchezo huu mliwakingaje watoto kabla ya kupata vifaa kamili?