Onyo la letasi limetoka jana, leo duka bado linaiuza!

Wanajamvi, hasa mliopo Marekani na Kanada, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Jana Jumanne, Novemba 20, 2018, CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wametangaza watu wasile kabisa letasi ya romaine, yale majani marefu ya saladi, kwa sababu ya bakteria wa E. koli. Nzima, iliyokatwa, ya pakiti, iliyochanganywa na majani mengine, yote tupa. Hata kama umeshakula nusu na hujaumwa, tupa, na friji uisafishe. Watu 32 wameugua katika majimbo 11, 13 wamelazwa, mmoja figo zimegoma. Kanada wapo 18.

Leo saa nne asubuhi naingia dukani ninakonunua kila wiki. Rafu imejaa! Pakiti zina umande wa baridi, na juu yake kibao cha bei ya sikukuu ya kesho, Siku ya Shukrani (Thanksgiving). Mama mmoja anatia mbili kwenye toroli. Nikamwambia, dada, acha hiyo, akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Nikaenda kaunta na pakiti yangu niliyonunua Jumapili, imebaki nusu, na risiti. Msimamizi ananijibu, "Ukiiosha vizuri haina shida." Kuosha! E. koli wanang'ang'ania kwenye jani, wanaingia pale lilipokatwa, maji ya bomba hayawatoi. Kinachowaua ni moto, na letasi huliwa mbichi. Akamalizia kwamba pakiti ikifunguliwa pesa hairudi. Sililii pesa mimi, nalilia lile jibu.

Tena mwaka huu huu watu 210 waliugua na 5 wakafa kwa letasi ya Yuma, Arizona. Vijidudu vilikutwa kwenye maji ya mfereji kule kule mashambani. Miezi imepita mingapi?

Mwanangu ana miaka minne. Jumapili usiku alikataa saladi, nikambembeleza mwenyewe: "Kula majani baba, upate nguvu." Watoto wa umri wake ndio sumu ya mdudu huyu inawaharibu figo kwa urahisi. Dalili mara nyingi huja siku ya tatu, ya nne. Leo ni ya tatu. Kila akienda chooni namfuata kuangalia kama kuna damu.

Huko kwenu wameziondoa? Na anayejua kama idara ya afya ya kaunti inapokea malalamiko kwa simu au lazima ufike, aniambie usiku huu. Kesho ofisi zimefungwa na lile duka linafungua.