Gemu nimelipia, nacheza peke yangu, kwa nini nisubiri ruhusa ya seva ya mtu?

Wakuu, habari za jioni.

Jana nimetoka kazini saa mbili usiku, nimechoka, nikawasha kompyuta nicheze nusu saa nilale. Umeme upo, bando lipo, mtandao unakimbia vizuri. Gemu ikaniandikia kwamba seva (zile kompyuta za kampuni ambazo gemu huzipigia hodi kupitia mtandao) ziko kwenye matengenezo, nijaribu tena baadaye. Nikajaribu saa tatu. Nikajaribu saa tano. Nikazima nikalala na hasira, na leo bado ninazo.

Hii ni gemu ya magari ya kucheza peke yako. Sishindani na mtu yeyote wa Ulaya wala Marekani. Yale magari mengine yote yanaendeshwa na kompyuta yangu mwenyewe. Ramani iko kwenye diski yangu, hadithi iko kwenye diski yangu, hata mvua inayonyesha mle ndani inanyesha kwa LUKU niliyonunua mimi. Na nimeilipia. Nilidunduliza karibu miezi mitatu, nikamwomba binamu yangu mwenye kadi anilipie, kisha nikaishusha kwa bando la usiku kwa siku nne kwa sababu inazidi GB 80. Sasa seva ya nini?

Siyo mara ya kwanza. Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Nchi nzima mtandao ulikuwa hoi, na majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda nao wakaonja. Siku hiyo nikamwambia mdogo wangu, ana miaka 11, njoo tucheze gemu maana hakuna kingine cha kufanya. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kisha ujumbe: imeshindwa kufika kwenye seva. Chini yake kitufe kimoja tu, cha kutoka. Dogo akaniuliza, "Kaka, si ulisema hii umeinunua?"

Sikuwa na la kumjibu. Na chumba cha pili jirani yangu, ambaye hajawahi kulipia gemu hata shilingi moja, alikuwa na kraki yake, yaani nakala ya bure iliyovunjwa ulinzi, anacheza tangu asubuhi. Kraki haiombi seva ruhusa, waliishaing'oa hiyo kufuli. Kwa hiyo siku ile aliyelipa alikaa anaangalia ukuta na asiyelipa alicheza hadi usiku wa manane. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakajibu baada ya siku sita kwamba nizime ruta na kuiwasha tena. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu huu ugonjwa siyo wa kampuni moja.

Twende kwenye mambo yanayojulikana na dunia nzima. Machi 2013 kampuni ya gemu ya EA walitoa SimCity. Gemu ya kujenga mji, mtu umekaa kwako unapanga barabara na mabomba ya maji. Wakailazimisha iwe mtandaoni muda wote. Siku za kwanza seva zikaelemewa, watu waliolipa wakawa wanapanga foleni ya kuingia kwenye mji wao wenyewe, wengine kazi yao ikapotea. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Amazon walisimamisha kwa muda kuuza nakala ya kupakua. Waliotengeneza gemu wakasema mahesabu mengi yanafanyika kwenye seva, hivyo haiwezekani tu kuukata mtandao. Haukupita mwezi, mchezaji mmoja akaichokonoa na kuonyesha inaendelea kutembea bila seva. Na Machi 2014, mwaka mzima baadaye, EA wenyewe wakaleta apdeti ya kucheza nje ya mtandao. Kumbe iliwezekana! Mwaka mzima watu wamenyimwa kitu kilichowezekana, na waliowaambia haiwezekani ndio hao hao waliokuja kukileta.

Mwaka mmoja kabla yake, Mei 2012, gemu ya Diablo III ilifunguliwa na kilichowalaki watu ni kosa namba 37, yaani seva zimejaa. Hata aliyetaka kuzunguka peke yake kuua mashetani alikwama kwenye mlango wa seva. Toleo la konsoli (mashine za gemu kama PlayStation) lilipotoka 2013, likacheza nje ya mtandao bila shida yoyote.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014. Ilikuwa na sehemu kubwa ya kucheza peke yako, unaendesha gari kuikata Marekani kutoka pwani hadi pwani. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na gemu yote ikafa nayo, pamoja na ile sehemu ya peke yako. Aliyenunua diski dukani, na kava lake, amebaki na plastiki. Wiki chache baadaye watu wakaanza kuona hata leseni zao zimeondolewa kwenye akaunti. Fikiria fundi aje akuuzie kabati, miaka kumi baadaye apite kwako uko kazini alichukue, halafu akuambie ulilipia ruhusa ya kutundika nguo tu.

Wakati mwingine hawafichi sababu. Gran Turismo 7, gemu nyingine ya magari, Machi 2022: apdeti ikaharibika, seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30, na karibu gemu nzima ikawa haichezeki, ikiwemo kampeni ambayo mtu anacheza peke yake. Kabla haijatoka, Kazunori Yamauchi aliyeitengeneza alieleza kwamba mtandao unahitajika ili watu wasichezee sevu zao, yaani faili zinazohifadhi walipofikia. Nauliza: nikichezea sevu yangu ya kampeni yangu, nimemwibia nani? Jibu ninaloliona mimi ni hili: mle ndani pesa za kununulia magari zinauzwa pia kwa pesa halisi. Ukiweza kujiandikia mamilioni kwenye sevu yako, duka lao halina mteja. Mlinzi hajawekwa kukulinda wewe, amewekwa kulinda kaunta.

Na sisi huku tuna kero yetu ya ziada. Mei hiyo hiyo ya 2024, gemu ya Ghost of Tsushima ilipokuja kwenye kompyuta, iliondolewa sokoni kwenye nchi ambazo PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony unayofungulia akaunti, haipo rasmi, na Tanzania na Kenya zimo. Kampeni ya gemu ile haihitaji hiyo akaunti! Ni ile sehemu ya kucheza na wenzako tu inayoihitaji. Septemba ikafuata God of War Ragnarök, hadithi ya baba na mwanawe, mchezaji mmoja mwanzo mwisho, na wakalazimisha akaunti. Watu wetu wamezoea kujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini au Uingereza, yaani mtu mzima unalazimika kudanganya unakoishi ili ucheze kitu ulicho tayari kukilipia. Januari 2025 Sony wakalegeza, akaunti ikawa hiari kwa baadhi ya gemu. Walilegeza kwa sababu watu walipiga kelele.

Najua kuna mdau atakuja kuniambia, "Mkuu, siku hizi nani hana intaneti?" Naomba anisome vizuri. Jana intaneti ilikuwepo. Seva yao ndiyo haikuwepo. Hata ukiwa na faiba inayokimbia kuliko zote hapa mjini, ukimfungia mtu gemu yake kwenye mashine iliyoko bara jingine, siku mashine hiyo ikiugua naye anakosa. Na kwa anayeishi kwa bando, kila dakika gemu inapoongea na seva ni hela yake inaondoka, kwa kazi isiyomsaidia chochote.

Mwingine atasema seva ni za kuzuia wizi. Jirani yangu wa chumba cha pili anawasalimu.

Tena inawezekana kufanya vizuri. Januari 2022 seva za gemu za Dark Souls za kwenye kompyuta zilizimwa kwa sababu ya tundu la usalama, zikakaa miezi bila kurudi. Aliyekuwa anacheza peke yake aliendelea kama kawaida, alichokosa ni kuitana na wenzake tu. Hapo mtandao ni kiungo kwenye chakula. Ukikosa iliki, chai bado unakunywa.

Na msiniambie kulalamika hakusaidii. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza kwamba mashine yao mpya ya gemu, Xbox One, lazima iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezi. Don Mattrick, aliyekuwa mkubwa wa Xbox, akasema wasio na intaneti wana Xbox 360. Yaani sisi tubaki na mashine ya zamani. Watu wakawaka, na tarehe 19 Juni wakafuta mpango wote. Mwaka 2021 duka la mtandaoni la GOG liliiondoa gemu ya Hitman baada ya wateja kulalamika kwamba bila mtandao vitu vingi havifunguki, maana duka lile linajinadi kuuza gemu zisizo na kufuli. Baada ya The Crew, mtengeneza video wa YouTube Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games (acheni kuua gemu), na kufikia Julai 2025 saini za ombi lao kwa Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepita milioni 1. Wanachodai ni kidogo sana: ukiamua kuzima seva, iache gemu ikiwa inachezeka. California nako tangu Januari 2025 sheria inadai duka la mtandaoni limwambie mnunuzi waziwazi kama anachonunua ni leseni ya kutumia tu.

Kwetu sijaona hata onyo hilo. Mimi ninachotaka ni maandishi makubwa pale pale kwenye bei, kabla sijamsumbua binamu yangu na kadi yake: GEMU HII HAIFUNGUKI BILA SEVA YETU. Nikisoma hivyo nitajua hela yangu niipeleke wapi.

Sasa naomba msaada wenu. Kila mwenye gemu ya peke yake aliyoinunua, achomoe mtandao kabisa leo usiku, aiwashe, halafu aandike hapa chini jina la gemu na kama imefunguka au imegoma. Nitaziweka zote kwenye posti hii ya kwanza ili anayetaka kununua aangalie kwanza. Na mwenye kujua gemu nzuri ya magari isiyohitaji seva aitaje, dogo likizo yake inaanza wiki ijayo.